Gitaa la nyuzi nne: picha na sifa za wanamuziki wetu wa magharibi

Jumamosi moja ya mwezi Desemba nilikuwa Bungoma kwa harusi ya mwana wa rafiki yangu. Kabla ya msafara wa bi harusi kuwasili, nilimwona mzee mmoja ameketi chini ya mwembe akikaza nyuzi za litungu, kile kinubi cha Wabukusu chenye nyuzi saba au nane. Alikuwa amevaa shati jeupe na sweta ya kijivu, mithili ya mwalimu mstaafu. Nikatoa simu, nikamwomba nimpige picha. Akakataa.

"Ngoja kwanza, mwalimu," akasema. "Wacha nivae."

Akafungua gunia alilokuja nalo, akatoa kitambaa chenye madoadoa ya chui kilichoshonwa na fundi wa mjini, na kofia ya manyoya. Alipokwisha kuvaa, akalipakata litungu lake na kukaza uso.

"Papa, kwani sweta ina makosa gani?" nikamuuliza.

"Sweta haina makosa. Lakini nikipiga na sweta, watu wanaona mzee fulani tu na kitu yake. Nikivaa hii, wanaona litungu. Na wale wananiita harusi ingine ni wale wameona picha, si wale wamesikia."

Nimeyatafuna maneno hayo tangu siku hiyo. Sisi tunaofundisha lugha na fasihi tumezoea kuchambua maneno ya nyimbo: tamathali, takriri, mizani. Ni nadra kuuliza ni nini kilichomfanya mwimbaji huyu ajulikane kama mfalme na yule kama mshamba, hata kabla hajafungua kinywa. Jibu la yule mzee ni kwamba ni picha. Mimi naongeza kwamba haikuwa hivyo siku zote, na kwamba mabadiliko hayo yamewagharimu baadhi ya wanamuziki wetu nafasi yao katika historia.

Tuanze na lugha yenyewe. Kiswahili hutumia kitenzi kimoja, kupiga, kwa mambo haya mawili. Mtu hupiga gitaa, na mtu hupiga picha. Lakini mwanamuziki hupiga gitaa mwenyewe, ilhali picha yeye hupigwa. Katika tendo la kwanza ni mtenda, katika la pili ni mtendwa, na aliyeshika kamera ndiye mwenye usemi. Neno picha tumelikopa kutoka Kiingereza. Taswira limetoka Kiarabu, na ni la ukoo mmoja na sura na kusawiri. Darasani tunawaambia wanafunzi kwamba taswira ni picha inayojengeka akilini kutokana na maneno. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kuwa na taswira bila ya kuwa na picha hata moja.

Hivyo ndivyo walivyokuwa wanamuziki wa kwanza waliopata umaarufu Afrika Mashariki. Siti binti Saad wa Unguja alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za HMV. Wapinzani wake mjini walikuwa wakimkejeli kwa nasaba yake na kwa umaskini aliotoka nao shamba. Santuri haikubeba nguo wala nasaba. Ilibeba sauti, na msikilizaji wa mbali akajichorea Siti wake mwenyewe. Shaaban Robert alipomwandikia wasifu, alikuwa anamsawiri kwa maneno mtu ambaye wengi wa mashabiki wake hawakuwahi kumtia machoni.

Kwetu magharibi mwa Kenya mambo yalikwenda vivyo hivyo. Reli ilikuwa imefika Kitale na Bungoma katika miaka ya 1920. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, magitaa yalianza kuonekana mikononi mwa askari waliorudi nyumbani na vibarua waliotoka mijini. Kutoka Katanga tulipata sauti ya Jean Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na Hugh Tracey wimbo wake Masanga mwaka 1952. Mwishoni mwa muongo huo Mwenda alikuja Nairobi, na jina lake likatumiwa kutangaza dawa ya Aspro. Kufikia hapo mwanamuziki alikuwa amekuwa nembo: mwenye kuumwa kichwa alitakiwa amkumbuke mpiga gitaa.

George Mukabi, aliyezaliwa mwaka 1930 na kuuawa mwaka 1963, aliutia gitaa mtindo ulioitwa omutibo. Kidole gumba kilishika besi, kidole cha shahada kikaimba, na pembeni mwenzake akagonga na kuparuza chupa ya soda kwa kipande cha chuma. Nyimbo zake kama Sengula Nakupenda na Mtoto si Nguo zilisikika hadi mashamba ya mahindi ya Trans-Nzoia, kwenye nyumba za vibarua ambao hawakuwa na la kusema kuhusu sura yake.

Halafu akaja Daudi Kabaka na twist yake. Alizaliwa Buganda mwaka 1939, mwaka ule ule alipofariki Kabaka Daudi Chwa, mfalme wa nchi hiyo. Kwa watu wa mpakani kama sisi, jina hilo pekee lilikuwa na kiti cha enzi ndani yake. Nilipokuwa mtoto Kiminini, redio ilipotangaza wimbo wake nilimwona mtu mrefu mwenye taji, akiimba huku ameketi. Siku nilipoiona picha yake gazetini, mtu wa kawaida kabisa mwenye tabasamu, nilihisi nimedanganywa. Na si Kabaka aliyenidanganya. Santuri ndogo za wakati ule aghalabu ziliuzwa ndani ya karatasi nyepesi yenye nembo ya kampuni, bila picha ya mwimbaji. Nafasi iliyoachwa wazi kila msikilizaji aliijaza apendavyo.

Sasa twende Kitale, studio ya picha, kwa kuwa huko ndiko nafasi hiyo ilikoanza kuzibwa.

Studio za miji yetu katika miaka ya 1960 na 1970 zilikuwa na pazia lililochorwa: ziwa, mnazi, ndege ikipaa, ngazi za jumba la kifahari. Zilikuwa pia na vitu vya kuazima, yaani koti, tai, saa, redio na, mara nyingi, gitaa. Kibarua aliyeshinda wiki nzima kwenye shamba la mahindi aliingia kwa mlango akiwa na vumbi, akatoka baada ya robo saa akiwa bwana wa mjini, angalau kwenye karatasi. Picha hiyo ilitumwa kwa mchumba, ikatundikwa ukutani, ikarithiwa.

Nyumbani kwetu ipo moja. Baba yangu mdogo amesimama mbele ya mnazi wa kuchorwa, koti limemkaa sawasawa, gitaa kifuani, vidole vimetanuliwa juu ya nyuzi. Nyuma imeandikwa "Kitale 1966" kwa wino wa bluu. Nilikua nikijua kwamba ukoo wetu ulikuwa na mpiga gitaa. Nilipoanza kufundisha, niliwaonyesha wanafunzi picha hiyo mwaka baada ya mwaka kama ushahidi kwamba omutibo ulikuwa umefika Trans-Nzoia kufikia katikati ya miaka ya 1960. Alipofariki, ni mimi niliyeandika kwenye ratiba ya mazishi kwamba marehemu alikuwa mwanamuziki. Hakuna aliyenipinga. Picha ilikuwapo.

Miaka miwili iliyopita nilimwonyesha senge, dada yao baba, ambaye sasa amekula chumvi nyingi. Akacheka hadi machozi yakamtoka.

"Huyu? Huyu hata mluzi hakujua kupiga! Hebu hesabu nyuzi, mwanangu."

Nikahesabu. Gitaa lilikuwa na nyuzi nne. Lilikuwa kifaa cha studio, kilichokatika nyuzi mbili na hakuna aliyejishughulisha kuzirejesha, kwa sababu halikuwa la kupigwa bali la kupigwa nalo picha. Baadaye nililiona gitaa lile lile, lenye nyuzi zile zile nne, katika picha za familia nyingine mbili za Kiminini. Nazo, bila shaka, zina hadithi ya mjomba au babu aliyekuwa stadi wa muziki.

"Aliyekuwa akipiga," senge akaendelea, "ni jirani yetu, yule aliyekuwa akikamua ng'ombe kwa mzungu. Mimi ndiye nilikuwa nikimgongea chupa. Nilikuwa msichana mdogo. Watu walikuwa wanatoka mpaka ng'ambo ya mto kuja kusikiza."

Nikauliza kama kuna picha yake. Hakuna. Hakuwahi kuingia studio. Alipozikwa, walikuza picha ya kitambulisho: uso umekauka, macho yametolewa, shati limefungwa hadi kooni. Waombolezaji wageni waliona mkulima. Sikuwahi kumtaja darasani hata siku moja. Yule aliyekuwa na picha ya gitaa nilimpa historia, na yule aliyekuwa na gitaa lenyewe nikamwacha nje. Kosa hilo ni langu, wala siwezi kulisukumia mpiga picha.

Kosa la namna hiyo hutendeka pia kwa kiwango kikubwa zaidi. Chukua mfano wa Abana ba Nasery kutoka Bunyore: Shem Tube, Justo Osala na Enos Okola, magitaa mawili na chupa ya Fanta. Mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya London ilitoa mkusanyiko wa nyimbo zao za zamani, na kichwa cha santuri yenyewe kikatilia mkazo kwamba hizo ni rekodi za gitaa lisilo la umeme. Mwaka 1991 wakazuru Uingereza, na mwaka 1992 ikatoka albamu yao Nursery Boys Go Ahead! Ulaya iliwapenda kama watu wa kijijini, wa gitaa kavu na chupa, na walistahili kila kofi walilopigiwa. Lakini wanamuziki hao hao walikuwa wamepiga pia magitaa ya umeme, katika bendi za Mwilonje Jazz na Super Bunyore. Kwenye picha iliyouzwa ng'ambo waya wa umeme haukuwa na nafasi, kwa kuwa ungeiharibu taswira ya Afrika ya zamani.

Sasa mnaona yule mzee wa Bungoma alikotokea na kitambaa chake cha chui. Tumemfunza wenyewe. Tamasha za muziki za shule, ambazo nchini humu zina historia tangu mwaka 1927, zimewazoesha watoto wetu kwamba ngoma ya asili ni lazima iwe na maleba yake, na waamuzi huyatazama. Wanasiasa wanapomwalika mpiga litungu jukwaani, humtaka aonekane "wa kitamaduni". Kamera za televisheni, na siku hizi za simu, hutaka jambo hilo hilo. Mzee ambaye angeweza kulipiga litungu akiwa na sweta, kwa vile utamaduni wake umo vidoleni, analazimika kuununua utamaduni huo kwa mita dukani ndipo aaminike.

Simlaumu. Kwa lugha ya mtaani neno usanii lina maana ya pili, yaani ujanja au ulaghai. "Huyo ananifanyia usanii tu," watu husema. Kuna wanaochukia kwamba neno la heshima limechafuliwa. Mimi naona wasemaji wa lugha wamegundua jambo ambalo wahakiki tumechelewa kuligundua: kwamba sehemu ya kazi ya msanii ni kuonekana. Anayekula kwa jasho lake hawezi kusubiri mpaka sisi tujifunze kusikiliza. Wanamuziki wa Kitale na Bungoma leo hulipia video kabla ya kulipia studio ya sauti, kwa kuwa wimbo usio na video haufiki mbali. Wanaomwita msanii jukwaani hutazama kwanza jinsi anavyoonekana. Huo ni uamuzi wa kibiashara, na si wa kipumbavu.

Ila historia si harusi, na haina sababu ya kuvutwa na kitambaa. Nimeona mtandaoni nyimbo za zamani za magharibi zikiwekwa chini ya picha za watu wengine kabisa, mradi tu anayeonekana ameshika gitaa na picha ni ya rangi nyeusi na nyeupe. Msikilizaji kijana ataikariri sura hiyo, na baada ya miaka ishirini itakuwa ushahidi, kama ilivyokuwa ile ya baba mdogo. Kwa hiyo napendekeza kanuni moja kwa wanaoandika habari za muziki wetu: tuichukue kila picha ya mwanamuziki kama dai, kisha tutafute shahidi. Nani aliiagiza? Koti ni la nani? Nyuzi ni ngapi? Na yule aliyegonga chupa yuko wapi, bado yu hai?

Kwetu alikuwa hai. Nilirudi kwa senge na kinasa sauti. Akatwaa kijiko na kikombe cha bati, akafumba macho, akanigongea mapigo aliyomgongea jirani yule zaidi ya miaka hamsini iliyopita, huku akinieleza gumba lilipoanguka na kidole kilipojibu. Nimeirekodi sauti hiyo, nikaandika tarehe, mahali na jina la mpigaji gitaa kama alivyonitajia. Kisha nikaigeuza picha ya mwaka 1966 na kuongeza mstari mmoja chini ya ule wa wino wa bluu: "Gitaa ni la studio. Huyu hakuwa mpigaji." Baba mdogo alikuwa mcheshi, na sidhani kama angenuna.

Na wewe msomaji, kabla wazee wenu hawajaondoka, hebu ziteremshe picha zilizo ukutani na uwaulize.