Taji la Kamwokya, Swali la Lawino

Hospitali mpya ya Mulago ilifunguliwa Oktoba 1962, mwezi uleule Uganda ilipopata uhuru. Aprili ya mwaka huo uchaguzi ulikuwa umemkabidhi Milton Obote serikali, na hapa kilimani matumaini yakaonekana kwa macho: ghorofa, vitanda, wodi. Miaka minne baadaye mshairi Okot p'Bitek akachapisha utenzi wake, Song of Lawino. Lawino, mke wa Kiacholi, hapingi uhuru. Anashangaa tu mumewe wa chama cha DP na shemeji yake wa UPC, chama cha Obote, wanavyochukiana, huku umaskini ukiwagonga wanakijiji kama nyati. Mwaka huohuo wa 1966, majeshi ya Obote yakalivamia kasri la Kabaka, mfalme wa Buganda.

Mwaka 1968, Abdilatif Abdalla wa Mombasa naye aliwauliza watawala wa Kenya swali. Kijitabu chake, Kenya: Twendapi?, kilimtia jela miaka mitatu.

Nyimbo za umati ni jambo lingine. Desemba 2002 Wakenya waliugeuza wimbo wa kanisani: mahali pa imani wakamweka Rais Moi, kwamba bila yeye yote yatawezekana. Unbwogable ya kundi la Gidi Gidi Maji Maji, ya Kijaluo, ikawa silaha ya NARC, muungano wa upinzani. Mgombea wake, Kibaki, alishinda na kuapishwa Uhuru Park akiwa kwenye kiti cha magurudumu, na furaha ile, nakiri, ilituambukiza hata sisi wa ng'ambo ya Busia. Kufikia mwisho wa 2007 nchi ileile ilikuwa ikiungua kwa ghasia za uchaguzi.

Kamwokya, jirani wa Mulago, nayo ina wimbo wake: Tuliyambala Engule wa Bobi Wine, mwanamuziki aliyegombea urais, unaoahidi taji kama mahubiri ya Jumapili. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa, tume ikatangaza asilimia 58 za Rais Museveni dhidi ya 35 za Bobi Wine. Hata hivyo chama chake, NUP, kikawa chama kikuu cha upinzani bungeni, na vijana wakaendelea kuuimba. Tumaini la Nairobi lilizaliwa na ushindi. Hili la Kamwokya limelelewa na kushindwa, ndiyo maana nalidhania gumu zaidi.

Lakini nyimbo zote hizi zinakoma mlangoni pa ikulu. Nani atapata dawa wodini baada ya sherehe, hazisemi. Nairobi wasanii waliwakopesha wanasiasa wimbo. Kampala msanii mwenyewe ndiye aliyegombea. Siku akishinda, kazi ya Lawino, ya kuwahoji watawala, hataiweza yeye. Itabidi mwingine wa Kamwokya aifanye, na aruhusiwe kumwimbia vibaya.