Sheria yasemaje kuhusu kuegesha magari katika mitaa ya makazi Nakuru

Mwenye nyumba jijini Nakuru hamiliki sehemu ya barabara iliyo mbele ya lango lake. Hata akipanga mawe au kusimika vigingi, nafasi hiyo hubaki ya umma. Jirani aliyeegesha hapo bila kumzuia yeyote hajavunja sheria.

Akiziba lango, hali ni tofauti. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inakataza gari kuachwa barabarani mahali ambapo linazuia wengine, au linaelekea kuwazuia, kuwasumbua au kuwahatarisha. Gari lililosimama sharti liwekwe kando kabisa, isipokuwa alama ya barabarani au polisi aliyevaa sare aelekeze vingine. Neno "barabara" nalo limepewa maana pana: linajumuisha njia yoyote ambayo magari yanaweza kupita na umma unaruhusiwa kuitumia. Kwa hivyo, dereva aliyeziba kichochoro cha vumbi mtaani Kaptembwo, pengine gari la wagonjwa likashindwa kupita usiku, hawezi kujitetea kwamba hapakuwa na lami wala alama. Kanuni za makosa madogo ya trafiki za 2016 ziliweka faini ya Sh10,000 kwa kosa hilo.

Aliyezibiwa njia anafaa kunakili nambari ya usajili na kupiga ripoti kwa polisi. Akitoboa magurudumu kwa hasira, yeye ndiye atakayeshtakiwa, kwa kuharibu mali kimakusudi.

Ada ni suala jingine. Hadi 2013, maegesho yalisimamiwa na baraza la manispaa. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliikabidhi serikali ya kaunti jukumu hilo, na Nakuru kupandishwa hadhi kuwa jiji Desemba 1, 2021 hakukuliondoa mikononi mwa kaunti. Ada hutozwa kwa mujibu wa sheria za kaunti pekee. Mlinzi au kijana wa mtaa anayedai "pesa ya kuangalia gari" hana mamlaka yoyote, ingawa wengi humlipa kuepuka maneno.

Katika mitaa iliyozungushiwa ukuta na kufungiwa umma, nafasi za magari hutegemea mkataba wa upangaji na wasimamizi wa nyumba. Mpangaji na ausome kabla ya kutia sahihi.