Kamera Inamtafuta Nani?

Wasee, ukisikia AI unafikiria majumba ya kompyuta ng'ambo yanayokula stima usiku na mchana. Kuna historia nyingine, ya mashine za betri ndogo, na swali lake tunalijua vizuri hapa Kajiado: utalindaje boma usiku kucha mahali hakuna stima?

Upande wa kusini, Mbuga ya Nairobi haina ua. Simba huvuka hadi Kitengela wakala mifugo. Juni 2012 walivamia boma, na wakazi wakaua simba sita. Hasara kila upande.

Kabla ya hapo, Richard Turere, akiwa na miaka 11, alikuwa ameshagundua kwamba simba huogopa taa inayosonga. Sola, betri kuukuu ya gari, kisanduku cha indiketa ya pikipiki, balbu za tochi. Taa zikawaka kwa zamu, simba akadhani mtu anatembea. Hakuna kompyuta hapo.

Mwaka huo huo wa 2012, mtandao wa neva uitwao AlexNet uliishangaza dunia kwa kutambua picha. Lakini ulibeba namba milioni 60 ndani yake. Mzigo huo si wa betri ya boma. 2017 Google wakatoa MobileNet: namba milioni 4.2 tu, na ikaipita AlexNet kwa usahihi. Halafu kukawa na ujanja wa kuandika kila namba kwa biti 8 badala ya 32. Nafasi ikabaki robo.

Januari 2019 shirika la RESOLVE na Intel wakatangaza TrailGuard AI, iliyojaribiwa Grumeti, Serengeti. Kamera hulala. Kitu kikipita, inaamka, chipu inakagua picha papo hapo, na akionekana mtu, askari wa wanyamapori wanatumiwa picha. Nyasi zikitikiswa na upepo, inanyamaza. Walisema betri inaweza kudumu mwaka mmoja na nusu.

Sasa angalia vizuri. Hiyo kamera ya 2019 ilikuwa inatafuta jangili, yaani binadamu. Mama wa Kitengela anataka inayomtambua simba kabla hajaruka ua. Chipu inaweza kuwa ile ile. Kinachobadilika ni picha za kuifunza, na nani amezichagua.

Maze, hiyo kazi ya kuchagua picha haihitaji maabara ya Marekani. Inahitaji watu wanaolala karibu na simba.