Mzimu, Kiko na Mauaji

Wako wadhanio ya kuwa hadithi ya kuchekesha haina mafundisho juu ya mambo ya kale. Sisi twaona sivyo, na shahidi wetu ni Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu alichokitunga Bwana Muhammed Said Abdulla wa Unguja.

Mtungaji huyu alizaliwa mwaka 1918 Makunduchi, kusini ya kisiwa. Nchi ile ni ya zamani sana. Karibu nayo, Kizimkazi, uko msikiti ambao kibla chake kina maandishi ya mwaka 1107. Makunduchi penyewe huadhimishwa Mwaka Kogwa, ambapo wanaume hupigana kwa makuti ya migomba, na kibanda huchomwa moto. Tena mapangoni na penye miti mikubwa iko mizimu, ambako watu hupeleka ubani na sadaka.

Basi katika mashindano ya kutunga hadithi ya 1957 na 1958, yaliyowekwa na East African Literature Bureau, Bwana Abdulla alipata tuzo ya kwanza. Kitabu kikapigwa chapa mwaka 1960. Bwana Ali aonekana ameuawa penye mzimu. Ndipo ajapo Bwana Msa na kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum. Msa ni ndugu wa Sherlock Holmes kwa akili, lakini maneno na mzaha wake ni vya Unguja. Yeye huvuta kiko na kupima neno kwa neno. Najum hutaka jibu upesi, nasi twacheka.

Lakini kicheko hicho kina uzito. Mahali paogopwapo na wote, hapana athubutuye kuuliza, na mwovu hupata maficho mema. Msa hawatukani wazee wala hauvunji mzimu. Huuliza tu: ni mkono wa nani uliotenda? Mtungaji akaishika tena njia hiyo mwaka 1968 katika Kisima cha Giningi, jina la mji wa wachawi katika masimulizi ya Unguja.

Walimu wenzetu, tusiwafiche watoto habari za mizimu kwa kuona haya, wala tusiwatie hofu kwazo. Tuwasimulie, kisha tuwaache waulize. Akumbukaye ya kale bila kuyaogopa, huyo hadanganyiki upesi.