Yavuyavu wa Karema na bahari iliyotafutwa Katavi

Kibaoni hakuna bahari. Gari likitoka Mpanda, likapita Sitalike, likakata Hifadhi ya Taifa ya Katavi na kuibukia upande wa kusini, abiria anayeshuka hapa amekanyaga nchi ya Wapimbwe, na kati yake na pwani ya Dar es Salaam kuna zaidi ya kilomita 1,000 za barabara. Watanzania wengi walilisikia jina la kijiji hiki kupitia mwanawe Mizengo Pinda, Waziri Mkuu kuanzia 2008 hadi 2015. Walio wachache zaidi ni wale wanaojua kwamba, zaidi ya miaka 100 iliyopita, wataalamu wa Berlin, London na Oxford waliinamia ramani ya upande huu wa nchi wakitafuta bahari.

Aliyewatia katika shughuli hiyo ni mnyama laini kama uji ulioganda, mwenye upana usiofika hata wa kifuniko cha chupa ya soda.

Watu wa pwani humwita yavuyavu, na yule anayewasha ngozi humwita konyeza. Kila mvuvi wa Bagamoyo au Lamu anamjua kuwa ni mnyama wa maji ya chumvi. Lakini yavuyavu huyu alielea Ziwa Tanganyika, kwenye maji yanayonyweka, ziwa ambalo uso wake uko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari. Isitoshe, ana miili miwili. Katika sehemu moja ya maisha yake ni mwavuli unaoogelea, na katika nyingine ni kijiti kidogo kilichonata kwenye kitu kigumu majini.

Viumbe wenye maumbo mawili leo vijana wanawajua kwa njia nyingine, kupitia mchezo wa video. Mchezo wa Pokémon ulianza kuuzwa Japani tarehe 27 Februari 1996. Mbunifu wake, Satoshi Tajiri, alipokuwa mtoto alipenda kukusanya wadudu pembezoni mwa Tokyo, na mchezo wake ni ukusanyaji uleule uliohamishiwa kwenye kioo. Katika matoleo ya Diamond na Pearl ya mwaka 2006 aliingia Shellos, konokono wa baharini asiye na kombe. Wa bahari ya magharibi ana rangi ya waridi, wa bahari ya mashariki ana rangi ya buluu, na maumbo yao hayafanani. Mchezaji akimtazama tu, anajua ametoka bahari gani.

Hoja hiyohiyo, kwamba umbo la mnyama linataja maji yaliyomlea, ndiyo iliyowaongoza wasomi wa karne ya 19. Na ndiyo iliyowapoteza.

Mambo yalianzia kwenye makombe. Februari 1858 Richard Burton na John Speke walifika Ujiji wakifuata njia ya misafara. Speke aliokota makombe machache ya konokono ufukweni, na mwaka uliofuata Samuel Woodward aliyachunguza London. Alishangaa kuona baadhi yake yakifanana mno na ya konokono wa baharini, kwani yalikuwa manene, yenye matuta na mapambo, tofauti kabisa na makombe mepesi ya kwenye madimbwi na mito. Mwaka 1878 alikuja Ujiji nahodha na mmisionari Edward Hore, naye akakusanya zaidi. Miongoni mwa konokono wa ziwa hilo kuna mmoja mwenye miiba mirefu, aliyepewa mwaka 1880 jina la Tiphobia horei kwa heshima yake. Msomi yeyote wa Ulaya angewekewa kombe hilo mezani bila kuambiwa lilikotoka, angeapa limetoka baharini.

Wakati huohuo Karema, upande huu wa ziwa ambao sasa ni Mkoa wa Katavi, palikuwa na ujenzi. Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji, alianzisha hapo kituo cha Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika iliyoundwa na Mfalme Leopold wa Pili. Ngome ilipoanza kujengwa, maji yalikuwa karibu. Lakini mto Lukuga, ng'ambo ya ziwa, ulikuwa umeshazibua mdomo wake, na maji ya Tanganyika yakawa yanakimbilia Kongo. Katika miaka michache ziwa lilishuka kwa mita kadhaa na kuiacha ngome nchi kavu.

Hilo ndilo ziwa alilolikuta Richard Böhm, mtaalamu wa wanyama, mzaliwa wa Berlin wa mwaka 1854. Alikuja mwaka 1880 na msafara wa Kijerumani pamoja na Paul Reichard na Emil Kaiser. Kaiser alielekea Ziwa Rukwa, kusini mwa Kibaoni ya leo, na huko akafariki mwaka 1882. Böhm na Reichard walishika njia ya Karema. Mwaka 1883 taarifa ya Böhm ilichapishwa Berlin. Ilisema kwamba ndani ya Tanganyika kuna medusa, yaani yavuyavu mwenye umbo la mwavuli.

Habari hizo zilipokelewa na masikio yaliyokwisha kuamshwa. Miaka mitatu tu nyuma, Juni 1880, yavuyavu wa maji baridi alikuwa ameonekana London, katika tangi la mayungiyungi kwenye bustani ya Regent's Park. Wakati ule alionekana kama ajabu ya tangi moja. Böhm alionyesha kwamba ziwa zima, katikati ya Afrika, lilikuwa na wa kwake. Yeye mwenyewe hakuishi kuuona mjadala ukikolea, kwani alifia Katanga Machi 1884, akiwa na umri wa miaka 29.

Mwaka 1893 Robert Günther wa Oxford alichapisha maelezo ya kwanza ya kina ya mnyama huyo, Limnocnida tanganyicae, ambaye mwavuli wake una upana wa takriban sentimita 2 na minyiri mingi pembezoni. Sasa ushahidi ulikuwa wa aina mbili, makombe yanayofanana na ya baharini na yavuyavu mzimamzima. Palibaki kupatikana mtu wa kuviunganisha.

Mtu huyo alikuwa John Edmund Sharrock Moore. Alifika Tanganyika mwaka 1896, akarudi tena katika safari ya 1899 hadi 1900 iliyopita maziwa mengine ya Bonde la Ufa. Kitabu chake cha mwaka 1903, The Tanganyika Problem, kilidai kwamba ziwa hili ni kipande cha bahari ya kale. Kwa maelezo yake, zama za Jurasiki mkono wa bahari uliingia ndani ya Afrika, kisha ukakatwa. Chumvi ikaoshwa na mvua za miaka mingi, na wanyama wakabaki. Aliyapanga makombe ya Tanganyika kando ya visukuku vya baharini vya Ulaya na kuonyesha yanavyoshabihiana. Nguzo kubwa ya hoja yake ilikuwa kwamba katika maziwa mengine aliyoyapitia hakumkuta yavuyavu wala makombe hayo. Kama ni Tanganyika peke yake iliyo na watoto wa bahari, basi ni Tanganyika peke yake iliyowahi kuwa bahari.

Moore hakuwa mtu wa kubahatisha. Yeye na John Farmer ndio walioipa biolojia neno "meiosis" mwaka 1905, neno ambalo kila mwanafunzi wa sekondari hukutana nalo anaposoma jinsi seli za uzazi zinavyogawanyika. Hoja yake juu ya ziwa ilikuwa safi na ya kuvutia. Kilichoivunja ni yavuyavu yuleyule.

Alionekana mto Niger, karibu na Bamako. Halafu akaonekana Ziwa Victoria, na Günther akaandika habari zake mwaka 1907. Victoria ni ziwa la kina kifupi, lisilo na dalili yoyote ya kuwahi kuunganika na bahari. Wakati huo William Cunnington alikuwa amekwisha kuongoza safari nyingine ya utafiti Tanganyika, mwaka 1904 na 1905, na hitimisho lake likaenda kinyume na Moore. Wanyama hawa walikuwa wa maji baridi, na upekee wao ulitokana na ziwa kukaa limejitenga kwa muda mrefu mno. Wanajiolojia nao hawakupata matabaka ya bahari ya Jurasiki chini ya Tanganyika. Leo umri wa ziwa hukadiriwa kuwa kati ya miaka milioni 9 na 12. Ni mtoto wa Bonde la Ufa, na kina chake cha mita 1,470 kimetokana na ardhi kupasuka na kudidimia.

Kuna jambo la Niger lisilofaa kuachwa. Karema ilikabidhiwa kwa Mapadre Weupe mwaka 1885, na miaka michache baadaye akafika hapo Adrian Atiman, tabibu na katekista. Alizaliwa ukingoni mwa Niger, katika nchi ya Mali ya leo, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akasomeshwa utabibu Malta, kisha akawatibu watu wa Karema hadi alipofariki mwaka 1956. Wakati Ulaya ikibishana yavuyavu wa Niger na wa Tanganyika wana undugu gani, mwana wa Niger alikuwa akifunga vidonda vya wavuvi kwenye fukwe ambazo Böhm alizipitia.

Na yale makombe? Jibu lake linatambaa maweni mwa ziwa. Tanganyika ina kaa wake wa pekee, na baadhi wana magando yenye nguvu ya kuvunja konokono. Konokono mwenye kombe jembamba huliwa, mwenye kombe nene hupona na kuzaa. Vita hivyo ndivyo vinavyoyafanya makombe ya baharini kuwa manene na yenye miiba, na Tanganyika ilikaa muda wa kutosha kuvipigana upya. Umbo lilikuwa linataja adui aliyekuwamo majini, na Moore akalisoma kama ukoo.

Siri ya yavuyavu ilikuwa katika mwili wake wa pili. Kile kijiti, ambacho wataalamu hukiita polipu, kilikwisha kuonekana kwa yule wa London mwaka 1884, ndani ya tangi lilelile. Kwa yule wa Tanganyika, maelezo kamili ya polipu yalikuja na kazi ya Mbelgiji Jean Bouillon mwaka 1957, miaka 74 baada ya taarifa ya Böhm. Polipu hiyo ni ndogo mno, haina minyiri ya mwavuli, na huchipua medusa kama mti uchipuavyo matawi. Medusa naye anaweza kuchipua wengine kutoka mwilini mwake, ndiyo maana majira mengine huonekana wengi kwa pamoja. Moore na wenzake waliutazama mwavuli pekee, wakaona kitu kisichoweza kwenda popote bila bahari. Yule wa London anatoka ukoo wa mto Yangtze nchini China, na amesambaa duniani kote kwa sababu polipu yake inaweza kujikunja kuwa kidonge kigumu na kubebwa na mimea ya majini.

Upo hata utafiti wa mwaka 2012 uliowakuta baadhi ya mayavuyavu wa Tanganyika wamebeba mwilini bakteria wadogo wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Mnyama yuleyule ni mwindaji na ni shamba.

Bahari haikuwa imekosekana kabisa, hata hivyo. Dagaa wa Tanganyika, wanaovuliwa usiku kwa taa na kukaushwa juani, wako katika ukoo mmoja na dagaa wa baharini. Mababu zao waliingia barani kwa mito ya magharibi mwa Afrika mamilioni ya miaka kabla ziwa halijapasuka. Gunia la dagaa likipakiwa Karema au Ikola kwenda bara, ndani yake mna damu ya bahari ambayo Moore aliitafuta kwingine.

Kibaoni yenyewe ina maji yake ya kale. Mto Katuma hupita Katavi ukienda bonde la Rukwa, na Ziwa Rukwa hubadili umbo kuliko mnyama yeyote. Karne ya 20 limewahi kunywea hadi sehemu kubwa ikawa tope, kisha likajaa tena. Yapata miaka 10,000 iliyopita, zama za mvua nyingi, lilipanda zaidi ya mita 150 juu ya lilipo leo, likaenea kaskazini kuelekea mbuga za Katavi, na kumwagikia Tanganyika kwa bonde la Karema. Kwa hiyo palikuwa na maji makubwa upande huu wa nchi. Yalikuwa maji ya mvua, na yalitiririkia ufukwe uleule ambako ngome ya Cambier ingekuja kuachwa nchi kavu.

Hifadhi ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974 na kupanuliwa 1998 hadi kufikia kilomita za mraba 4,471, inalitunza jina la Katabi, mwindaji ambaye mzimu wake husemwa unakaa kwenye mkwaju karibu na Ziwa Katavi. Jina la Böhm nalo limo. Mwaka 1892 pundamilia wa nchi hizi waliitwa boehmi katika vitabu vya sayansi, na hadi leo wanaitwa hivyo. Basi la Mpanda linapokata hifadhi kuelekea Kibaoni, abiria wa dirishani huwaona pundamilia hao wakila nyasi tambarareni, mahali ambapo maji ya Rukwa yalipita yakiifuata Karema.