Mamlaka ya Seneti katika Kongo, 1960 na 2006

Mpiga kura wa Kakontwe, kule Likasi kwenye mawe ya chokaa, humchagua mbunge wake wa taifa moja kwa moja. Maseneta wanne wa Haut-Katanga huchaguliwa Lubumbashi, na wajumbe wa Bunge la Jimbo. Kwa hiyo husemwa mara nyingi kwamba Seneti ni dhaifu kwa sababu haitoki mikononi mwa raia. Historia haiungi mkono hoja hiyo.

Mwaka 1960, chini ya Sheria ya Msingi iliyotungwa Ubelgiji, maseneta nao walichaguliwa na mabaraza ya majimbo, machifu wa jadi wakiwemo. Hata hivyo serikali ya Lumumba ililazimika kuomba imani ya vyumba vyote viwili, ikaipata tarehe 23 na 24 Juni. Kasa-Vubu alipomwachisha kazi Lumumba tarehe 5 Septemba, naye Lumumba akajibu kwa kumwachisha Rais, Baraza la Wawakilishi lilibatilisha hatua zote mbili tarehe 7. Kesho yake Seneti ilimuunga mkono Lumumba kwa kura 41 dhidi ya 2. Kura hiyo ilikuwa na uzito kamili wa sheria. Haikushindwa na chumba kingine, bali na jeshi: tarehe 14 Mobutu alitangaza kuwasimamisha wanasiasa.

Katiba ya 1967 ilibakiza chumba kimoja tu. Seneti ilirudi katika kipindi cha mpito mwaka 2003, na Katiba ya Februari 2006 ikaipanga upya. Asili ya maseneta ni ileile, lakini mamlaka ni mengine. Vyumba vyote viwili hupitisha sheria. Vikitofautiana, huundwa tume ya pamoja yenye wajumbe sawa kwa sawa, nayo ikishindwa, Bunge la Taifa huamua peke yake. Bajeti huanzia hapo pia. (Ajabu ni kwamba Rais wa chumba hiki kinachoshindwa ndiye anayeishika nchi kwa muda kiti cha Rais wa Jamhuri kinapobaki wazi.)

Kuhusu kuiangusha serikali, Katiba haikuiachia Seneti chochote. Tarehe 27 Januari 2021 serikali ya Sylvestre Ilunga Ilunkamba, mzaliwa wa Katanga, iliangushwa kwa kura 367 za wabunge. Maseneta, wakiwemo wale wanne wa Haut-Katanga, hawakuwa na kura ya kupiga.