Shamba Linaanzia Banioni: Kilimo cha Asili na Maji ya Usangu

Bill Mollison na David Holmgren walipochapisha kitabu chao cha kwanza cha permakacha huko Australia mwaka 1978, walitaka ardhi ya mkulima itazamwe kama mfumo mmoja wenye viungo vinavyotegemeana. Wanaoieneza fikra hiyo kwetu aghalabu huanzia bustani ya nyumbani: mboji, matandazo, mazao mchanganyiko. Kwa Rujewa, makao makuu ya Wilaya ya Mbarali, hapo sipo pa kuanzia. Mkulima wa mpunga asiyegusa mbolea ya dukani anaweza kuudhuru mto kuliko jirani yake anayemwaga Urea, iwapo maji anayoyachepusha hayarudi.

Tangu mwaka 1993 Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, chini ya ardhioevu ya Ihefu. Lawama waliangushiwa wafugaji, na mwaka 2006 na 2007 wakaondolewa kwa nguvu katika bonde la Usangu, ilipo Mbarali, pamoja na mifugo yao. Mto ukaendelea kukauka. Hilo pekee lingetosha kuturudisha kwenye mifereji ya umwagiliaji.

Banio la zamani, yaani kizuizi cha kuchepushia maji ya mto kwenda mferejini, lilijengwa kwa miti, mawe na majani. Lilivuja. Mafuriko yakija lilisombwa, na wenye mfereji walitoka tena kulijenga. Miradi ya kuboresha umwagiliaji iliona udhaifu huo ikaweka saruji na milango ya chuma. Lakini kule kuvuja ndiko kulikowapa maji walio chini. Banio la saruji, wakati wa kiangazi, linaweza kuuchepusha karibu mto mzima, na maji yakaishia kwenye mifereji hata pale ambapo hakuna mpunga shambani. Kwa hiyo teknolojia iliyodharauliwa ilikuwa imebeba kanuni ya mgawo ambayo wahandisi hawakuiweka katika michoro yao.

Tukiingia shambani, mbinu ya asili inayolifaa bonde hili zaidi ni kilimo shadidi cha mpunga, kilichobuniwa Madagascar na padri Henri de Laulanié katika miaka ya 1980, na ambacho watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine wamekifanyia kazi Mkindo, Morogoro. Mche wa siku 8 hadi 12 hung'olewa na udongo wake, hupandikizwa mmoja mmoja kwa nafasi ya sentimita 25 kwa 25. Jaruba hunyweshwa, huachwa hadi nyufa ndogo zianze kuonekana, kisha hunyweshwa tena. Mizizi hupata hewa na mche huchipua kwa wingi. Adha yake ni palizi, kwa kuwa maji yaliyokuwa yakiyazuia magugu hayapo tena.

Mafunzo ya shamba darasa yanaishia hapo. Usangu, hata hivyo, maji hupita jaruba hadi jaruba, na huwezi kulikausha lako wakati ya jirani yanapitia kwako. Aliye mwisho wa mfereji naye hujaza hadi kwenye kingo kila yakifika, kwa sababu hajui zamu yake itarudi lini. Huyo hana ujinga wa kuondolewa kwa semina. Anachokosa ni ratiba anayoweza kuiamini.

Tena, maji yaliyookolewa juu hayateremki Ihefu yenyewe. Hufungua majaruba mapya. Bruce Lankford na wenzake, waliolitafiti bonde hili, walitengeneza ubao wenye mteremko ambao wakulima waliviringishia gololi kama maji ya mto: wa juu walijaza mashimo yao, wa chini wakabaki mikono mitupu, na mabishano ya mgawo yakaanza papo hapo.

Kutokana na hayo, naona kibali cha maji kinachotaja lita kwa sekunde hakifai kiangazi. Mto ukipungua, kiasi kile kile cha masika kinageuka kuwa mto wote. Kibali kitaje sehemu ya mtiririko uliopo, na lango la banio lijengwe lisiweze kufungika lote upande wa mtoni.